Unakwenda kuongea na bosi wa HR hapa Dodoma? Jua kwanza meza yake ina nini

#1 Mleta uzi

Habari za jioni wana jukwaa, wakubwa shikamooni.

Msimu umefika. Vyuo vya hapa Dodoma vinaita wakuu wa rasilimali watu waje kukaa na wanafunzi, hasa wa mwaka wa mwisho. Usifikirie usaili wala maonyesho ya ajira. Ni meza, bosi mmoja wa HR, wanafunzi saba au wanane wamemzunguka, mnaongea dakika chache, muda ukiisha mnahamia meza nyingine. Mimi ni afisa utumishi. Nimekaa upande wa pili wa meza hizo nikimsindikiza mkurugenzi wangu, na mara nyingine nikimwakilisha. Nimeona vijana wenye akili nzuri kabisa wakimaliza nafasi yao kwa sentensi moja: "Naomba unisaidie kazi kwenye ofisi yako."

Tuanzie hapo.

Dodoma siyo Dar. Bosi wa HR utakayemkuta hapa ana uwezekano mkubwa wa kuwa mtu wa serikali: Mkurugenzi wa Utawala na Usimamizi wa Rasilimali Watu kutoka wizara ya pale Mtumba kwenye mji wa serikali, au mtu wa wakala, wa mfuko wa pensheni wa PSSSF, wa hospitali ya Benjamin Mkapa, au wa Jiji. Na huyo mtu, awe na ofisi kubwa namna gani, hana kazi mfukoni. Ajira za utumishi wa umma kwa sehemu kubwa zinapita Sekretarieti ya Ajira, chombo kilichotokana na marekebisho ya mwaka 2007 ya Sheria ya Utumishi wa Umma ya 2002. Kazi ya mkurugenzi ni kuandaa ikama, yaani kuonyesha ofisi inahitaji watumishi wangapi na wa kada zipi. Anaomba kibali Ofisi ya Rais, Utumishi, fedha ya mishahara inatengwa kwenye bajeti, kibali kikitoka ndipo mnaona tangazo kwenye Ajira Portal, tovuti ya Sekretarieti ya kuombea kazi. Usaili wa mchujo na wa mahojiano unaendeshwa na Sekretarieti yenyewe. Barua zenu zote za maombi ya kazi mnaziandika kwa Katibu wake, S.L.P. 2320 Dodoma, hamumwandikii yeye.

Sasa wewe ukimwomba kazi mbele ya wenzako saba unamweka pabaya. Akikuahidi, amevunja utaratibu mbele ya mashahidi. Kwa hiyo atakujibu "endelea kufuatilia matangazo", atatabasamu, atamgeukia mwingine. Hana roho mbaya. Umemwomba kitu ambacho meza yake haina.

Meza yake ina nini? Anajua ikama yake ina mapengo kwenye kada zipi na wapi watu wamejaa hadi kibali hakiombwi tena. Anajua waajiriwa wapya wanakwama wapi katika ule mwaka wa majaribio kabla ya kuthibitishwa kazini. Barua za fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, zinapita kwake, na za kujitolea pia. Anajua kwa nini mtu mwenye cheti kizuri anakaa daraja moja miaka mingi wakati mwenzake anapanda. Hayo ndiyo ya kumchota.

Maandalizi yenyewe ni ya jioni moja au mbili tu. Ukishapata orodha ya wageni, na kama chuo hakijaitoa nendeni mkaiulizie, chagua wawili au watatu. Usijiandae kwa wote. Ingia tovuti ya taasisi yake, soma muundo wake wa idara, soma mkataba wa huduma kwa mteja. Kama ni wizara, tafuta hotuba ya bajeti ya mwaka huu. Zinasomwa hapa hapa bungeni kati ya Aprili na Juni kisha zinawekwa mtandaoni, lakini sijawahi kukutana na mwanafunzi aliyekuja nayo kichwani. Halafu tafuta Muundo wa Maendeleo ya Utumishi wa kada yako. Humo mmeandikiwa sifa ya kuingilia, majukumu ya Daraja la II, na unachotakiwa kuwa nacho ili upande Daraja la I. Watu wanasoma miaka mitatu bila kufungua waraka unaosema watakwenda kufanya nini!

Ukishasoma hivyo, swali linakuja lenyewe. Mfano: "Mama, nimesoma kwenye hotuba ya bajeti kwamba wizara inahamishia huduma nyingi kwenye mifumo. Kwa sisi tunaosomea utunzaji wa kumbukumbu, kazi inapungua au inabadilika?" Swali la namna hiyo hawezi kulijibu kwa neno moja. Atafikiri, atatoa mfano wa ofisini kwake, pengine atalalamika kidogo, na hapo ndipo mazungumzo yanaanza.

Niwape kisa kimoja nilichokishuhudia. Mezani walikuwepo vijana wanane, kila mmoja anaeleza mada ya utafiti wake, kichwa cha habari kirefu kama treni. Ikafika zamu ya binti mmoja akasema: "Mimi fildi nilipangiwa masjala. Nilinyong'onyea, wenzangu walikuwa wanaingia vikao na mimi nabeba mafaili. Lakini wiki ya pili nikaona mafaili ya watumishi yanarudi kutoka juu yana dokezo lile lile, kwamba nyaraka hazijakamilika. Nikaanza kuandika kwenye daftari ni nyaraka zipi." Mkurugenzi aliyekuwa ameegemea kiti akainuka. "Ulikuta kinachokosekana zaidi ni nini?" Akajibu: barua za kuthibitishwa kazini, na fomu za tathmini za miaka ya nyuma. Wakaongea wale wawili kama watu wa ofisi moja. Wengine wakabaki kuwasikiliza, na nadhani wale waliosikiliza nao walipata kitu.

Hakupewa kazi. Alielekezwa barua ya kuomba kujitolea aipeleke kwa nani na aeleze nini. Na mkurugenzi ndiye aliyemuuliza jina, yeye hakulisukuma.

Angalieni alichofanya. Alitaja aina ya nyaraka, hakutaja mtumishi hata mmoja. Ukiwa masjala unaona mambo ya watu: magonjwa, talaka, mashauri ya nidhamu. Ukiyamwaga mezani ili uonekane una habari, kwa mtu wa HR umejimaliza.

Kwa hiyo kabla ya siku hiyo kaa ujiulize: fildi yangu niliona nini kinachokwama? Haijalishi ulikaa wapi. Hata ukipangwa mapokezi, unajua watu wanarudishwa kwa sababu gani. Hicho ndicho mtaji wako, kuliko GPA.

Kujitambulisha kusizidi sentensi tatu. Jina na unachosoma, ulichokiona au ulichokifanya, unachotaka kujua. Usikariri neno kwa neno, ukikatishwa katikati utapotea.

Mavazi sitayaongelea sana. Watumishi wa umma wana Waraka Na. 3 wa 2007 wa mavazi, usomeni, basi. Na upepo wa Dodoma mnaujua, njooni na kitambaa cha kufutia viatu.

Karibuni kwa nyongeza na mapingamizi.

#2

Nimeweka kiti hapa. Mwaka wa tatu, nina hiyo shughuli mwezi ujao.

#3

Mkuu umeandika vizuri ila tusidanganyane. Nchi hii bila koneksheni hupati. Hizo meza ni za kupiga picha, chuo kiweke kwenye ukurasa wake, bosi apewe maji na posho arudi zake Dar na treni ya jioni. Mimi nilihudhuria, nikaongea vizuri, leo mwaka wa pili nipo mtaani nauza vifaa vya simu.

#4 Mleta uzi

Kaka pole, na sikatai unachosema. Upendeleo upo. Lakini tenganisha vitu viwili. Kumjua mtu ili akupitishe mlango wa nyuma ni kitu kimoja. Kumjua mtu ili akwambie mlango uko wapi ni kitu kingine, na hicho cha pili watoto wa maofisa wanakipata mezani kwa baba yao wakila ugali. Mtoto wa mkulima wa Kongwa au Manyoni hakipati popote. Anamaliza chuo hajui kwamba matokeo ya muda na hati za matokeo hazikubaliwi kwenye maombi, mpaka cheti chenyewe. Hajui kwamba vyeti vinathibitishwa na wakili. Hajui kanzidata ni nini, ile orodha ya waliofaulu usaili wakakosa nafasi. Anaachwa kwenye mchujo kwa kitu cha dakika tano halafu anasema hana koneksheni.

Ile meza inamsaidia huyo. Kama mtu anategemea itoe ajira, nakubaliana na wewe, ataishia kwenye picha.

#5

Hapo kwenye mtoto wa mkulima umenigusa kiongozi. Mimi nimetokea Mpwapwa vijijini, neno ikama nimelisikia mara ya kwanza leo kwenye uzi huu.

#6

Naomba nichangie kutoka upande wa sekta binafsi maana mleta uzi kaongelea serikali tu. Mimi ni meneja rasilimali watu hapa Dodoma, kampuni yenye watu mia na kidogo. Na kuna mahali napingana naye.

Kwetu hakuna kibali cha Utumishi. Mkurugenzi mkuu akikubali na fedha ipo, wiki hiyo hiyo natangaza. Kwa hiyo mwanafunzi akija mezani kwangu akaanza kuzunguka, oh nataka kujifunza, oh nataka uzoefu, mwisho nachoka. Niambie wazi: "Dada, ninamaliza mwezi wa saba, nataka kuanzia kitengo cha mishahara, kampuni kama yenu mtu anaingilia wapi?" Hapo sijakasirika hata kidogo, umenirahisishia kazi. Kinachonikera ni "kazi yoyote". Kazi yoyote sina. Nina kazi ya mtunza stoo, nina kazi ya karani wa mishahara, nina ya mapokezi.

Na mkija kwa watu wa binafsi, sheria ya kusoma ni nyingine. Sisi tunaongozwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Saa za kawaida 45 kwa wiki, likizo ya mwaka siku 28, likizo ya uzazi siku 84. Mwanafunzi wa rasilimali watu kutoka mwaka wa tatu hajui hizo namba, nashangaa. Migogoro yetu inakwenda CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kijana mmoja aliniuliza: "Mkifika CMA, kesi nyingi mnashindwa kwa sababu gani?" Nilicheka kwa sauti. Nikamwambia ukweli: waajiri wengi wanashindwa kwa kutofuata utaratibu, hata pale ambapo kosa la mfanyakazi lilikuwepo. Bosi anafukuza mtu kwa hasira siku ya Ijumaa, Jumatatu ananiletea mimi nitafute karatasi. Swali lile lilinionyesha kijana ameshaanza kufikiri kama mtu wa idara yangu.

Akanitumia ujumbe baadaye, nikamchukua fildi. Yupo anaendelea vizuri.

#7 Mleta uzi

Dada #6 asante sana, pingamizi nimelipokea na nadhani wasomaji walichukue hivi: kwa serikali usiombe kazi, omba maelekezo. Kwa binafsi taja unachotaka. Ndiyo maana nikasema jua kwanza unakwenda kwenye meza ya nani.

#8

Samahani wakubwa, swali la kijinga. Unamsalimia vipi? Ukiingia unasema shikamoo au good morning? Na muongee Kiswahili au Kiingereza? Mwalimu wetu kasema Kiingereza tu ndiyo weledi, mimi kikinichanganya nasahau hata jina langu 😂

#9

#8 dah umenikumbusha mwenzetu mmoja alianza "Good morning madam shikamoo" kwa pumzi moja.

#10 Mleta uzi

Wala siyo la kijinga, wengi linawatesa.

Mtu amekuzidi umri, mpe shikamoo yake. Huyo ni mama au baba wa Kitanzania, amekuja chuoni siku hiyo na anajua anaongea na watoto. Asipopewa atajibu tu salamu yako na maisha yataendelea, lakini kuna kitu kidogo kitabaki. Akiwa kijana kama wewe, miaka thelathini na kitu, "habari za asubuhi" inatosha. Wapo mameneja wadogo ambao shikamoo inawafanya wajione wazee.

Lugha: fuata yake. Akifungua kwa Kiswahili usimrudishie Kiingereza cha kujionyesha. Ofisi za serikali zinaendesha vikao na kuandika madokezo kwa Kiswahili, na ukiwa na Kiswahili cha ofisi kilichonyooka, kile cha "naomba kuwasilisha" na "kwa mujibu wa", utaonekana umeiva. Akifungua kwa Kiingereza, kama wale wa mashirika ya kimataifa, mjibu hivyo hivyo kwa sentensi fupi. Kitu ambacho sikipendi ni kuchanganya kila neno la tatu. Unaonekana huna uhakika na lugha yoyote kati ya hizo mbili.

Kumwita "bosi" acheni. "Mkurugenzi", au "mama", au "mzee" kwa heshima, zinatosha.

#11

Mimi niko CIVE, ndaki ya TEHAMA ya UDOM. Fani yetu ya kompyuta wanaokuja ni watu wa HR ambao hata hawajui tunasoma nini. Unamweleza mifumo anakuuliza kama unaweza kutengeneza printa. Sasa hapo unajiandaaje?

#12

😂😂 printa ya HR haijawahi kupona nchi hii.

Ila #11 ngoja nikwambie kitu, nimefanya kazi TEHAMA kwenye taasisi moja. Mtu wa HR wa leo anaishi ndani ya mifumo kuliko unavyodhani. Tathmini ya utendaji iliyokuwa ya karatasi, OPRAS, iliachwa wakaja na PEPMIS, kila mtumishi anajaza kazi zake humo na mkuu wake anazipitia. Likizo, mikopo, uhamisho, vyote mtumishi anaviombea kwenye mfumo. Nani anapigiwa simu mtumishi akisahau nywila? Nani analaumiwa kazi zisipojazwa kwa wakati? HR huyo huyo. Muulize: "Mfumo wa tathmini ulivyoanza, watumishi wenu walikwama wapi?" Ataongea mpaka mwenye kengele aje. Usimweleze wewe umesoma lugha gani za programu. Msikilize shida yake, halafu sema mahali ambapo ungeanzia.

#13

Hii komenti ya #12 ichukuliwe iwekwe kwenye uzi wa juu kabisa.

#14

Mleta uzi, mimi GPA yangu ni 2.7. Nikiulizwa niseme nini? Nakaa kimya, najisikia vibaya hata kwenda.

#15 Mleta uzi

Mdogo wangu nenda. Kwanza kwenye meza hizo GPA huulizwa mara chache sana, sisi wenyewe ndio tunaitanguliza. Pili, kwa kada nyingi za serikali ukishakuwa na shahada ya fani iliyotajwa kwenye tangazo unaitwa kwenye mchujo, na mchujo ni mtihani wa siku hiyo. Ukipata alama kumzidi mwenye 4.3, umemzidi.

Akiuliza, mjibu namba yako bila hadithi ndefu ya ugonjwa na matatizo ya nyumbani, hata kama ni ya kweli. Halafu sema unachokiweza. "Ni 2.7. Mwaka wa kwanza ulinisumbua, masomo ya vitendo ndiyo yamenibeba." Basi, nyamaza. Yule anayejitetea sana ndiye anayetia wasiwasi.

#16

Naomba nilete jambo zito kidogo. Mimi ni msichana, mwaka juzi nilihudhuria kikao cha namna hii kwenye chuo fulani, sitakitaja. Bwana mmoja mkubwa aliniomba namba ili "anitumie matangazo". Usiku akaanza kupiga. Baadaye akasema nikutane naye hotelini tuongelee fildi yangu. Sikwenda, na fildi nikatafuta kwingine. Wadogo zetu waambiwe hili mapema, maana ukiwa na shida ya nafasi unaweza kujikuta unajishauri vibaya.

#17

Pole sana dada. Na asante kwa kusema.

#18

Dada #6 tena hapa. Hili liandikwe kwa herufi kubwa. Mtu wa HR mwenye nia njema anatoa mawasiliano ya OFISI: barua pepe ya ofisi, simu ya mezani, jina la msaidizi wake. Mazungumzo ya fildi yanafanyika ofisini, saa za kazi, na barua inapita mapokezi na kupigwa muhuri. Akikuita hotelini hakuna fildi hapo. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, kifungu cha 25, inataja wazi rushwa ya ngono kuwa ni kosa. TAKUKURU wana namba ya bure, 113. Tunza zile meseji, usizifute kwa hasira.

Na wavulana msijione mko salama. Kuna wanaoombwa "hela ya kushughulikia faili". Usaili wa serikali haulipiwi. Anayekuomba hata elfu ishirini ni tapeli, awe na kitambulisho shingoni au asiwe nacho.

#19

Kuhusu namba za simu: hata nyinyi wanafunzi kuweni na adabu nazo. Nilishuhudia mwanafunzi kaichukua namba ya mgeni kwenye orodha ya waliohudhuria, akaiweka kwenye grupu la WhatsApp la darasa. Mgeni wa watu alipokea CV usiku kucha. Sasa hivi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, hayo mambo si ya kuchezea. Na mgeni yule hajarudi tena chuoni pale.

#20

Usiku kucha 🙆🏾‍♂️ halafu zote zimeandikwa "naweza kufanya kazi kwa presha".

#21

Sasa baada ya kikao unamfuataje bila kuwa msumbufu? Amenipa barua pepe ya ofisi, nimekaa nayo wiki nzima naogopa kuandika.

#22 Mleta uzi

Wiki nzima ni nyingi, lakini haijaharibika, andika leo. Ndani ya siku mbili tatu ndiyo vizuri, bado anaikumbuka sura yako. Usiambatishe CV kama hakuiomba. Mkumbushe mlichoongea, mwambie umefanya nini na ushauri wake, uliza kitu kimoja tu, funga. Kitu kama hiki:

"Mkurugenzi, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa mipango mliyeongea naye Alhamisi kuhusu maafisa mipango wa halmashauri. Mlinishauri nisome muundo wa kada yangu. Nimeusoma, na nimeona kuwa sina ujuzi wa takwimu unaotosha, hivyo nimeanza kujifunza. Naomba kufahamu kama ofisi yenu inapokea wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo mwezi Julai, na barua ielekezwe kwa nani. Ahsante kwa muda wenu."

Hapo ana cha kujibu kwa mstari mmoja, na atajibu. Asipojibu wiki mbili, kumbusha mara moja. Akinyamaza tena, achana naye, ana watumishi mia sita wanaomlilia uhamisho.

Barua ya fildi yenyewe ukiipeleka Mtumba, ipeleke mwenyewe masjala, hakikisha nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa na tarehe. Ukifuatilia usiseme "nilileta barua". Sema tarehe.

#23

Nyongeza kwa waandaaji, maana najua wapo humu. Msiwaweke wanafunzi thelathini kwa mgeni mmoja, hapo ni mhadhara. Na wapeni wageni karatasi ya nusu ukurasa inayoeleza hizo kozi zenu ni nini. Kozi za siku hizi zina majina marefu, mtu wa HR hajui zinaingia kada gani.

Kwa wanafunzi: fanyeni mazoezi. Jioni kaeni kimbwetani, zile meza za nje za kujisomea, watu sita, mmoja awe mkurugenzi, mwenye sura ya kuchoka, anayetazama simu. Mzungushe zamu. Mnacheka sana lakini mtu anagundua kumbe anaongea dakika nne bila kuuliza swali lolote. Sisi tulimweka jamaa mmoja mbishi awe bosi, alikuwa anakatisha kila mtu na "kwa hiyo unataka nini?" Ilitusaidia kuliko semina zote.

#24

#23 hilo la kimbwetani tunalifanya kesho, wa Ng'ong'ona mje.

#25

Naulizia kuhusu mshahara. Ni vibaya kumuuliza HR wanalipa kiasi gani?

#26

Kwa serikali ni swali la bure, viwango vinajulikana kwa herufi. Tangazo linakwambia TGS D, unatafuta mwenyewe ni kiasi gani. Ukitaka uonekane umekomaa, ulizia makato: mfuko wa hifadhi, kodi, bima ya afya, na wale wa bodi ya mikopo asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Wengi tulipanga maisha kwa mshahara wa kwenye karatasi.

#27

Kwa binafsi mimi siudhiki ukiuliza, ila isiwe swali la kwanza, na usiniulize mimi napokea ngapi. Nimeshaulizwa.

#28

Mleta uzi, mimi nipo Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo, stashahada, siyo shahada. Hizi shughuli naona wanaalikwa wa vyuo vikuu tu. Je, na sisi tuna nafasi ya kuongea na hawa watu au ndiyo tumeachwa?

#29 Mleta uzi

Mdogo wangu, wewe ndiye uliyekaa karibu zaidi na meza yenyewe. Chuo chenu kinaandaa watu wa serikali za mitaa, na wenye stashahada wana kada zao kwenye muundo, hawasubiri nafasi za wenye shahada. Kuna pia nafasi kama za watendaji wa vijiji, ambazo halmashauri zimekuwa zikipewa kibali na kutangaza zenyewe, na bosi wa utawala na rasilimali watu wa halmashauri anahusika moja kwa moja kuliko mkurugenzi wa wizara. Kwa hiyo wewe usisubiri mwaliko wa ukumbini. Andikeni barua kupitia serikali ya wanafunzi, mwombeni mkuu wa utawala wa Chamwino, Bahi au Jiji aje Hombolo aongee na nyinyi. Wengi ni watu wa kufikika kuliko hao wa Mtumba.

Akija, muulizeni mtendaji mpya anakwama na nini mwezi wa kwanza kijijini. Waliofanya kazi halmashauri wanajua jibu: mapato, migogoro ya ardhi, na mikutano ya kijiji isiyofanyika kwa wakati. Jiandaeni kusema kitu kwenye hayo matatu.

#30

Tumeshaanza kuandika barua kiongozi. Swali moja: ipelekwe kwa mkurugenzi wa halmashauri au kwa mkuu wa idara moja kwa moja?

#31 Mleta uzi

Kwa Mkurugenzi Mtendaji, yeye ndiye anayepokea barua zote za ofisi. Kwenye kichwa cha barua taja kwamba mnaomba mkuu wa idara ya utawala na rasilimali watu. Wekeni tarehe mbili, achague, na msiweke Jumatatu.